Redio na uchaguzi: kila mgombea ana haki ya kusikika

Shabaha ya somo: kuelewa wajibu wa redio wakati wa uchaguzi, na kujua la kufanya redio inapoegemea upande mmoja.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Familia iliyokimbia kijiji chake haiwezi kila mara kufika kwenye mkutano wa mgombea. Hapa Fizi na Baraka, wengi humsikia mgombea kwa njia ya redio tu. Redio ikimpa nafasi mmoja, familia itapiga kura bila kulinganisha. Tena, kwetu Wabembe, Wabuyu, Wafuliru na Wanyamulenge ni majirani, na mgombea huhesabiwa upesi kuwa wa kabila fulani. Akinyimwa nafasi, watu wake husema, "Ni sisi tumenyimwa." Hapo ugomvi wa siasa hugeuka ugomvi wa majirani.

Sheria inasema nini?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 24, inasema vyombo vya habari vya dola ni huduma ya umma. Pande zote za siasa zina haki ya kuvitumia kwa usawa, na habari zitolewe bila upendeleo. Kifungu cha 212 kinaunda baraza linaloitwa CSAC. Kazi yake ni kulinda uhuru wa vyombo vya habari na kuangalia kwamba vyama vinapata nafasi kwa haki.

Katika uchaguzi wa 2006 kazi hiyo ilifanywa na HAM, iliyoitangulia CSAC. Haikuwa kazi rahisi: tarehe 27 Julai 2006, siku tatu kabla ya kura, ofisi za HAM mjini Kinshasa ziliporwa, siku ya mkutano mkubwa wa kampeni.

Je, redio ya mtu binafsi? Ina mwenyewe, na mara nyingine mwenyewe ni mwanasiasa. Hata hivyo haiko juu ya sheria. Wakati wa kampeni CSAC hutoa maagizo kwa redio zote. Na sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu uchochezi wa kikabila, awe nani anayesema.

Kutopendelea ni nini?

Si kunyamaza. Mtangazaji anaweza kuuliza maswali makali, mradi awaulize wote. Tangazo la kulipiwa lisichanganywe na habari. Mgombea akishutumiwa, apewe nafasi ya kujibu. Mtu akitukana kabila kwa simu hewani, mtangazaji amkate.

Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na baadhi ya redio za lugha za kienyeji zililaumiwa kwa kuchochea chuki. Tusingoje kufika huko.

Tufanye nini?

1. Tuandike siku, saa, jina la kipindi na maneno yenyewe yaliyosemwa. "Redio ile ni ya wale" si ushahidi.
2. Viongozi wawili au watatu, wa makabila mbalimbali, wamwendee mkurugenzi wa redio kwa heshima na kuomba nafasi ya kujibu. Mambo mengi huishia hapo.
3. Ikishindikana, tuandikie CSAC kupitia shirika la raia. Bukavu ilitekwa na M23 Februari 2025, basi tuulize kwanza njia ipi iko wazi na salama.
4. Tusiitishe redio wala kuivamia. Mtangazaji anayeogopa hawezi kuwa wa haki.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kampeni ya Desemba 2023, tulisikia wagombea wangapi redioni? Nani hakusikika?
- Redio ikimpendelea mgombea wa kabila letu, je, tutalalamika pia?

Swali la pili ndilo gumu. Haki tunayoidai tukiwa tumenyimwa, tuidai pia tukiwa tumependelewa.