Punguza Mbio, Usipunguze Usingizi

Mwanangu wa Iten,

Pole sana. Unatoka kazini hotelini saa tano usiku, usingizi unakupata saa sita na ushei, na saa kumi na moja alfajiri unaamka usije ukaachwa na kundi. Miguu mizito, muda wako wa mita 10,000 unazidi kuharibika, machozi yanakutoka bila sababu. Kocha naye anasema ongeza kilomita. Hapana, usiongeze hata moja.

Mazoezi huuchosha mwili na kuuumiza kidogo. Nguvu huja baadaye, misuli inapojitengeneza, na kazi hiyo hufanyika sana ukiwa umelala fofofo, wakati homoni ya ukuaji inapotoka kwa wingi. Wewe unabomoa kila alfajiri bila kujipa nafasi ya kujenga. Anayeuita huo uvivu anakuonea.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha habari za wachezaji 11 wa mpira wa kikapu waliotakiwa kukaa kitandani muda wa saa 10 kila usiku, wiki kadhaa mfululizo. Mbio zao za uwanjani zilishuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, mitupo ikaingia zaidi, na hata nyoyo zao zikachangamka. Ni kundi dogo, lakini matokeo yake yanaendana na ninayoyaona kwenye barua yako.

Sikuambii uache kazi; kodi lazima ilipwe. Mweleze kocha saa zako zote, kwani huenda hazijui. Ukitoka zamu ya usiku, achana na mbio za alfajiri, lala mpaka saa mbili, kisha ukimbie saa nne. Ukishakula mchana, jinyooshe hata nusu saa. Eliud Kipchoge mwenyewe hulala mchana kambini Kaptagat, wala hakuna anayemwita mvivu. Chai na kahawa ziishie adhuhuri.

Machozi hayo usiyafiche. Kukosa usingizi huvuruga moyo, lakini upungufu wa damu nao huchosha vivyo hivyo. Nenda ukapimwe wiki hii, na kama hedhi imekatika, mwambie daktari waziwazi. Ukilala vizuri wiki mbili na huzuni isiondoke, rudi kwake.

Usiku wa kuamkia mashindano ukikosa usingizi, usihangaike. Usiku mmoja haukuangushi ikiwa wiki nzima ulilala.