Nyumba Yenye Migomba Ndani

Je, umewahi kugusa ukuta wa udongo baada ya jua kutua? Ukuta huo huwa bado una joto. Udongo hupokea joto polepole mchana, na hulitoa polepole usiku. Likumbuke jambo hili usomapo habari zifuatazo.

Karibu na mji wa Taos, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, kuna nyumba za ajabu. Mahali hapo ni pa juu, kiasi cha meta 2,100 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa kipupwe theluji huanguka na maji huganda. Hata hivyo, ndani ya nyumba hizo migomba hustawi! Aliyezibuni ni msanifu Michael Reynolds, ambaye alianza kujenga kwa vitu vilivyotupwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kuta za nyuma ni za matairi makuukuu. Wajenzi hushindilia udongo ndani ya kila tairi kwa nyundo mpaka liwe gumu kama jiwe. Kazi hiyo ni ya jasho, kwani tairi moja huchukua udongo wa zaidi ya kilo 100. Upande wa mbele ni wa vioo, nao huelekea kusini. Kwa nini kusini? Taos iko kaskazini ya Ikweta, kwa hiyo wakati wa kipupwe jua hupita chini, upande wa kusini. Miali yake hupenya vioo na kuzipasha joto kuta na sakafu. Usiku, kuta hulirudisha joto hilo chumbani.

Juu ya paa kuna paneli zinazogeuza mwanga wa jua kuwa umeme, nao huhifadhiwa katika betri. Mawingu yakitanda siku nyingi, wenyeji hulazimika kuutumia kwa uangalifu.

Maji ya mvua na theluji hutoka paani hadi tangini. Baada ya watu kuoga, maji hayo hayatupwi. Huelekezwa kwenye bustani iliyo nyuma ya vioo, ambako hupita katika kokoto na udongo, na mizizi ya migomba na nyanya huyanyonya. Yanayobaki hutumika chooni. Basi fikiri: mtu akimwaga dawa kali katika beseni la kunawia, mimea itapatwa na nini?

Jaribio: Chukua makopo mawili yanayolingana. Moja lijaze udongo mkavu na kuushindilia. La pili liache tupu. Yaweke juani tangu saa nne hadi saa nane. Kisha yahamishie kivulini, na uyaguse kila baada ya dakika 5. Ni lipi lililopoa kwanza?

Swali: Kama ungejenga nyumba ya namna hii nchini Afrika Kusini, vioo ungevielekeza upande gani?