Kila Mahali na Lake: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Kiingereza Mbeya na Iringa

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwa Kiingereza, kwa nini wakulima wa Tukuyu, Mbeya, na wa Ismani, Iringa, hawapandi mahindi wakati mmoja. Atakujibu "it depends", kisha atanyamaza. Nimefundisha Kiingereza Rungwe, baadaye Iringa, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kumfanya mtoto aendelee baada ya maneno hayo mawili. Kueleza namna watu, mahali na hali zinavyotofautiana ni sehemu ya lugha inayohitajika kila siku: ofisini, hospitalini, sokoni, kwenye insha. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Taja tofauti inafuata nini

"Rainfall varies from place to place" ni sentensi sahihi, na msahihishaji hawezi kuikata. Lakini anayeisoma akiwa Tanga au Kigoma hajaambulia kitu. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Bonde la Usangu, katika mkoa huohuo wa Mbeya, halipati hata nusu ya hiyo. Sababu inaeleweka: hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa inapanda milima ya Rungwe na Uporoto, inapoa, inamwaga maji upande huo, na ikivuka kwenda Usangu imeshakauka. Ndiyo maana mpunga wa Usangu unategemea sana mito inayoshuka kutoka milimani.

Basi darasani kwangu neno "varies" haliruhusiwi kusimama peke yake. Lifuatwe na "with" au "according to", kisha sababu: mwinuko, upande wa mlima, udongo, msimu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, sasa hii si jiografia?" Nikamwambia ndiyo, ni jiografia, na Kiingereza chake kimenyooka kwa sababu ana jambo la kusema. Naamini hivyo mpaka leo. Sentensi nyingi dhaifu ninazosahihisha zina sarufi nzuri tu. Kinachokosekana ni jambo lenyewe.

2. "Depend" hufuatwa na "on"

Kote Afrika Mashariki utasikia "it depends with". Utaisikia Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kwa watu waliosoma sana. Ukisikiliza Kiswahili chetu utaona mlango ilikopitia: tunasema "inategemea na mtu". Simcheki mtoto anayesema hivyo, maana anaeleweka vizuri na anazungumza Kiingereza anachokisikia kwa wakubwa. Ila mtihani wa kidato cha nne unataka "on", na mtoto ana haki ya kulijua hilo kabla hajaingia kwenye chumba cha mtihani.

Kuna mahali Kiswahili kinasaidia pia. Wanafunzi huandika "from a person to another person". Nawakumbusha kuwa sisi wenyewe husema "mtu na mtu", "mwaka hadi mwaka", nomino mbili tupu. Kiingereza nacho hapo hakiongezi kitu: "from person to person", "from year to year". Wakishaona hivyo, kosa hilo hupungua sana.

3. "Ranges" inadai ncha mbili

Hili ndilo neno ninalolipenda kuliko yote katika somo hili, kwa kuwa halimruhusu mtu kukisia. Ukianza "ranges from" lazima ujue chini ni wapi na juu ni wapi. Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Rungwe kinakaribia mita 2,960. Ukipanda kutoka ufukweni unaanza na mpunga na kakao ya Kyela, unapita migomba na chai, unafika kwenye viazi na baridi. Nikiwatuma wanafunzi waulize bei ya debe la viazi kwa wauzaji mbalimbali, wanarudi na ncha mbili za kweli, na sentensi zao zinakuwa na uzito.

4. Tofauti nyingine hazifai kukubaliwa

Uliza gunia la viazi lina kilo ngapi, utajibiwa inategemea. Kisheria gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, imepigwa marufuku mara nyingi. Mkulima anayejaziwa gunia mpaka linafanya kichwa juu ya mdomo wake, kisha analipwa bei ya gunia moja, ananyang'anywa jasho lake. Hapa "it depends" ni kisingizio cha mwenye nguvu. Nawafundisha watoto kuuliza, "Depends on what?" Wengi wao ni watoto wa wakulima hao.

5. Kwa watu, pima maneno

Somo hili ni refu na gumu. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba tabia hutofautiana kabila na kabila, kisha wanamwaga maneno ya vijiweni: hasira za Wahehe, ukali wa Wanyakyusa. Sikubali. Nimeishi na watu wa pande zote mbili. Wapole nimewakuta kote, na wagomvi kote. Kiingereza kina maneno ya kupunguza ukali wa dai, kama "some", "many" na "tend to", lakini hata hayo hayamwondolei mwandishi wajibu wa kujua anachokisema. Nikiona "tend to" mbele ya jina la kabila, naandika pembeni: umejuaje?

Salamu ni mfano bora zaidi, kwa sababu tofauti yake inaonekana. Iringa utasikia "kamwene". Rungwe, wa rika lako unamwambia "ugonile", lakini mzee unamwamkia kwa wingi, "mugonile", kwa heshima. Je, salamu hubadilika "from person to person"? Hapana. Mzee yuleyule huamkiwa namna moja na mjukuu, namna nyingine na rika lake. Kinachobadilika ni uhusiano wa wawili wanaoamkiana. Darasa likifika hapo, wanafunzi wanaanza kubishana kwa Kiingereza bila kuogopa, wakieleza shangazi huamkiwaje, mkwe huamkiwaje, mwalimu huamkiwaje.

6. Weka mwaka

Tofauti hufuata wakati pia: Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Anayeandika leo kwamba kahawa ya Mbozi ni ya mkoa wa Mbeya ananakili kitabu cha zamani.

Walimu wenzangu wa Kiingereza, mnapofundisha kueleza tofauti, iacheni mifano ya theluji ya London. Waulizeni wanafunzi wenu mvua ya kijiji chao inaanza lini, gunia kwao linapimwaje, na bibi huamkiwaje. Kisha wafundisheni kuyasema hayo kwa Kiingereza, pamoja na sababu zake.