Je, Ubongo Mkubwa Ndio Akili Nyingi?

Umewahi kumsikia mtu akisema, "Mtu mweusi hana akili kama Mzungu"? Maneno hayo hayakuanza leo. Zamani yaliandikwa hata vitabuni, tena yakiwa na picha.

Mwaka 1854 huko Marekani, wakati mamilioni ya watu weusi bado ni watumwa, daktari Josiah Nott na mwenzake George Gliddon walitoa kitabu kikubwa juu ya aina za watu. Ndani yake walipanga michoro: juu sanamu ya Kigiriki, katikati Mwafrika, chini sokwe. Ila michoro ilichezewa! Taya la Mwafrika lilivutwa mbele, na fuvu la sokwe likakuzwa, ili wawili hao waonekane ndugu. Na Nott huyo alikuwa na watumwa wake mwenyewe. Unaona picha hizo zilimfaa nani?

Lakini ukweli ulikuwa umeshapimwa. Mwaka 1836 Friedrich Tiedemann, profesa wa Heidelberg, Ujerumani, alitoa ripoti yake London. Alichukua mafuvu ya watu wa mataifa mbalimbali, akayajaza punje ndogo za nafaka, kisha akazipima punje hizo kwenye mizani. Alichunguza na ubongo wenyewe. Jibu lake: hakuna tofauti ya maana kati ya ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu. Basi utumwa hauna kisingizio hapo.

Na je, ukubwa wenyewe ni kitu? Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 au 1.4 hivi. Ule wa mwandishi Turgenev wa Urusi ulikuwa kama kilo 2. Wa Anatole France, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1921, ulikuwa kama kilo 1 tu, nusu yake! Wote wawili ni waandishi wakubwa. Basi uzito haupimi akili.

Kumbuka: picha ya kitaalamu nayo huchorwa na mtu. Usiimeze tu. Uliza: Amepima nini? Amepimaje? Nani anafaidika nikiamini?

Zungumzeni na wenzako:
1. Kwa nini mchoro uliaminiwa kuliko mizani?
2. Ukiambiwa "watu wa kabila lenu hamna akili", utajibu nini?