Vifaa vya Kupimia katika Maabara: Mzazi Aulize Nini?

Katika mikutano ya wazazi tuliyohudhuria hapa Mtito Andei na vijiji vya jirani, jambo la maabara huzungumzwa dakika tano, halafu tunarudi kwenye karo na chakula. Hatumlaumu mtu. Mwaka wa njaa sufuria hufikiriwa kwanza. Lakini siku hizi mzazi huweza kuombwa achangie vifaa vya kisasa vya sayansi, naye hajui vifaa hivyo vinafanya kazi gani. Somo letu safari hii ni hilo.

Tuanze na kitu rahisi. Mwanafunzi anafunga jiwe dogo kwenye uzi wa mita moja, analining'iniza na kulibembeza. Kwenda na kurudi mara moja huchukua kama sekunde 2. Anapima kwa saa ya kubonyeza kwa kidole. Sasa, kidole cha binadamu huchelewa kidogo, tuseme sekunde 0.2. Akipima bembea moja tu, kosa hilo ni asilimia 10 ya kipimo chake. Akihesabu bembea 20, yaani kama sekunde 40, kosa ni lile lile, lakini sasa ni nusu ya asilimia 1 tu. Kumbe bila kununua kitu amepata kipimo bora mara 20!

Kifaa cha kisasa je? Kina kihisi, yaani sehemu ndogo inayotambua joto, mwanga, mwendo au shinikizo la hewa, na kina kumbukumbu inayojiandikia vipimo, hata mara nyingi kwa sekunde moja. Hakisinzii. Maji ya moto yakiachwa yapoe usiku kucha, kitaandika usiku kucha, na asubuhi kompyuta itachora grafu yake. Hata simu ya mwalimu ina baadhi ya vihisi hivyo. Iko programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa katika chuo kikuu kimoja cha Aachen, Ujerumani, inayoigeuza simu kuwa kifaa cha kupimia. Unaitia simu ndani ya mfuko, unaibembeza badala ya lile jiwe. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na hatuombi kanuni hiyo ilegezwe. Moja ya mwalimu yatosha darasa zima.

Sasa tuseme ukweli. Katika shule moja tuliyotembelea (jina tunaliacha) tulionyeshwa sanduku la vihisi limefungiwa kabatini. Mwalimu aliyejua kuvitumia alihamishwa, na waya wa kuunganishia kompyuta ukapotea. Waya tu! Shule nyingine ilikuwa na kihisi cha joto kizima kabisa, na wanafunzi wakaandika kwamba joto la chumba ni nyuzi 46. Hakuna aliyeshtuka. Kihisi kilikuwa dirishani, juani. Kijana tuliyemuuliza alijibu, "Si mashine imesema hivyo, madam?" Jibu hilo lilitusumbua kuliko lile sanduku.

Wazee wa walimu watakumbuka mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa serikali yetu na Japani ili kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Makueni ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza za majaribio. Walimu walihimizwa wamwachie mwanafunzi afanye jaribio mwenyewe, na wabuni vifaa kwa vitu vilivyopo. Wapo waliodhani hayo ni mambo ya umaskini. Sisi tunaona sivyo. Aliyetengeneza kipimo kwa mikono yake anajua mahali kinapoweza kumdanganya.

Chukua mvua. Huku kwetu tunategemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei, na mvua ya kijiji kimoja si ya kijiji cha pili. Mradi uitwao TAHMO, ulioanzishwa na wataalamu wa vyuo vikuu vya Delft (Uholanzi) na Oregon State (Marekani), umeweka vituo vidogo vya hali ya hewa katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, na vingi viko katika viwanja vya shule. Kituo hutumia nguvu za jua na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu. Lengo lao ni vituo 20,000, kama kimoja kwa kila kilomita 30.

Shule isiyo na kituo ianze na mkebe ulionyooka, mdomo na kitako upana mmoja, uwekwe mahali wazi mbali na miti na paa, upimwe kwa rula kila siku saa tatu asubuhi. Penye kituo, mkebe uwekwe kando yake, na namba zikitofautiana wanafunzi watafute sababu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Basi paa la mita 10 kwa 6 likipata milimita 10 linapokea lita 600, kasoro zile zinazomwagika. Kikundi cha mwethya kinachotaka kujenga tangi kinaihitaji hesabu hiyo, tena ya misimu kadhaa, si ya siku moja. Mkulima wa ndengu vilevile. Kwa nini daftari hilo lifungiwe maabara?

Katika mkutano wa muhula ujao, omba uonyeshwe daftari la vipimo kabla ya kuonyeshwa kifaa. Uliza pia nani mwingine anajua kukitumia, na ufunguo wa kabati utabaki kwa nani mwalimu akihamishwa.