Uza Ng'ombe Kabla Hajashindwa Kusimama

Uamuzi mgumu haulainiki kwa kuwazwa usiku kucha. Wafugaji wanajua. Kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya. Wengi walikaa wakijiuliza: niuze au ningoje? Labda itanyesha wiki ijayo. Labda bei itapanda. Lakini bei ya ng'ombe kiangazi itapandaje, na kila mtu anapeleka sokoni, na mnyama anazidi kukonda? Wengine walibaki na ngozi tu.

Basi ukijikuta unarudia swali lile lile, jiulize: kuna jambo gani ninaweza kujua kesho ambalo leo silijui? Kama lipo, kwa mfano bei ya soko au utabiri wa mvua, nenda ukaulize. Kama halipo, umeshawaza vya kutosha.

Halafu wekeni tarehe mapema, moyo ukiwa umetulia. Baba na mama wakae, waseme: "Mvua isipokuja hadi siku fulani, tunauza madume mawili na yule ng'ombe mzee. Mitamba inabaki." Mwambieni na jirani mmoja awakumbushe. Siku ikifika msianze kikao upya ati kuna wingu. (Mawingu ya Oktoba tunayajua!) Na ikinyesha kesho yake, msilaumiane, mliamua kwa yale mliyojua. Pesa za hao watatu zinunue nyasi kavu za waliobaki, mapema, maana nyasi nazo hupanda bei.