Kurejea Kurusha Kisahani Baada ya Kujifungua: Somo kwa Wanariadha, Waume na Makocha

Mwezi Agosti mwaka wa 2013, jijini Moscow, Mfaransa Mélina Robert-Michon alirusha kisahani umbali wa mita 66.28 na kunyakua medali ya fedha katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Alikuwa na umri wa miaka 34. Alikuwa ameshiriki Olimpiki tangu Sydney mwaka wa 2000 bila kupata medali, na mwaka wa 2010 alikuwa amejifungua binti yake wa kwanza. Medali zilikuja baada ya mtoto. Mwaka wa 2016 mjini Rio de Janeiro alirusha mita 66.73 akapata fedha ya Olimpiki, na mwaka uliofuata akatwaa shaba ya dunia jijini London. Mwaka wa 2018 akajifungua binti wa pili. Hata hivyo alirudi, akaenda Tokyo, kisha Paris mwaka wa 2024 alipobeba bendera ya Ufaransa akiwa na miaka 45 na kufika fainali. Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya saba.

Wakenya wanazijua habari kama hizi kwa upande wa mbio. Faith Kipyegon alijifungua mwaka wa 2018, na tangu hapo ameshinda dhahabu ya mita 1500 Tokyo na Paris. Kwa warushaji, mambo bado ni tofauti. Msichana anayerusha kisahani akipata mimba, mara nyingi jina lake hufutwa kwenye orodha ya timu kabla hata hajaulizwa kama anataka kuendelea. Makala haya yanaeleza namna anavyoweza kuendelea, na mambo ambayo yakipuuzwa yatamuumiza.

Kwanza, mwili. Kisahani cha wanawake kina uzito wa kilo moja tu, lakini kinachokirusha si mkono. Mrushaji huzunguka mara moja na nusu ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.50, na nguvu hutoka miguuni, ikapita kwenye nyonga na kiuno, kisha ikafika begani. Hizo nyonga na kiuno ndizo sehemu ambazo ujauzito umezilegeza. Misuli ya tumbo huwa imeachana katikati, viungo vya nyonga vimelainika, na misuli inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi imechoka. Kuingia kwenye duara na kuzunguka kwa kasi katika hali hiyo ni kutafuta jeraha la mgongo au la nyonga.

Kwa hiyo wiki sita za kwanza si za mazoezi ya uwanjani. Ni za kupona, kutembea polepole, kupumua kwa kina na kukaza ile misuli ya chini, kama mtu anayejizuia kukojoa, kisha kuilegeza. Aliyejifungua kwa upasuaji asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake mpaka kidonda kikaguliwe. Kliniki ya wiki sita si ya chanjo ya mtoto peke yake. Hapo mama amweleze muuguzi wazi kwamba anataka kurudi kwenye michezo, naye akaguliwe.

Akiruhusiwa, huanza na kuchuchumaa na kuinuka bila uzito, kupanda ngazi na mazoezi ya kukaza tumbo. Vyuma huja baadaye, vyepesi kwanza. Mizunguko hufanywa bila kisahani hadi mwili uizoee tena. Baada ya hapo hurusha akiwa amesimama tu, na mzunguko kamili huja mwisho. Wengine huchukua miezi mitatu kufika hapo, wengine sita au zaidi. Kocha anayemlinganisha mama mmoja na mwingine anakosea.

Kuna dalili tatu ambazo wanawake wengi huzificha kwa aibu: mkojo kuchirizika anaporuka au kurusha, kuhisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, na damu kuanza kutoka upya baada ya kukoma. Yoyote kati ya hizo ikitokea, mazoezi yasimame siku hiyo hiyo na mama aende kituo cha afya. Zikiwahiwa, nyingi hutibika kwa mazoezi maalum.

Pili, muda. Hapa mrushaji ana nafuu kuliko mkimbiaji wa masafa marefu. Mrusho mmoja huchukua chini ya sekunde mbili, na mazoezi yake hayadai kilomita 20 kila alfajiri. Mirusho ishirini iliyofanywa kwa makini ndani ya dakika arobaini ina faida kuliko sitini ya kuchoka. Mama anyonyeshe kwanza kabla ya kwenda uwanjani. Mtoto atashiba na matiti hayatamuuma anapozunguka. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi chenye kifuniko hukaa hadi muda wa saa nne nje ya friji mahali pasipo joto kali, lakini kwa kaunti zenye jua kali ni bora yatumike mapema zaidi. Mazoezi ya kawaida hayaharibu maziwa, ingawa jambo hilo bado linaaminiwa na wengi. Upungufu wa chakula na maji ndio humdhoofisha mama, kwa hivyo sahani ya mama anayenyonyesha na kufanya mazoezi iwe kubwa kuliko ya zamani. Na usiku mtoto akilia hadi alfajiri, siku ya vyuma vizito iahirishwe. Mrushaji mwenye usingizi hukosea hatua, na kisahani humponyoka.

Hilo la kuponyoka lina uzito wake. Mtoto asilazwe kando ya duara hata kama yuko kivulini na amelala. Awe mbali, nyuma ya wavu, pamoja na mtu mzima ambaye kazi yake wakati huo ni mtoto tu.

Mtu huyo ni nani? Mara nyingi huwa nyanya au dada mdogo, na baba huhesabiwa kama mgeni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili na baba wiki mbili. Baba anayezitumia wiki zake mbili kujifunza kuogesha mtoto atakuwa na manufaa mama anaporudi uwanjani. Wanariadha walioajiriwa chini ya sheria hiyo wana likizo hiyo. Asiye na mwajiri hana, na familia yake ndiyo hubeba mzigo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka kila mwajiri awe na sehemu ya kunyonyeshea. Katika Olimpiki ya Paris, kijiji cha wanariadha kilikuwa na chumba cha watoto kwa mara ya kwanza. Kwenye viwanja vyetu, chumba kimoja safi chenye kiti, maji na mlango unaofungika kingetosha kwa kuanzia.